Kiti cha Kushukia Ngazi

Jirani yangu wa mtaa wa Kuze aliposhikwa na uchungu wa mtoto wake wa tatu, alikuwa ghorofa ya juu kabisa, na teksi ilikuwa imesimama mbali, huko kichochoro kinakotokea barabara ya Ndia Kuu. Wanaume wanne wakamlaza juu ya kitanda cha kamba wakaanza kumteremsha. Walipofika kwenye kona ya ngazi, kitanda kikakwama. Hakirudi juu, hakiendi chini. Wakakiinua upande huu, wakakiinamisha upande ule, mwisho wakakisimamisha wima, na mwenyewe kang'ang'ania tendegu, leso imemvuka, analia kwa uchungu na kwa haya. Mimi nilikuwa ngazini chini yake, nimenyoosha mikono kuzuia asiporomoke, na sikuwa na la kumsaidia zaidi ya hilo na dua.

Alijifungua salama, Alhamdulillahi. Lakini nilipokwenda kumtazama aliniambia, "Mkunga, sikiza nikwambie. Uchungu nishausahau. Lakini vile nilivyosimamishwa kama kabati mbele ya waume za watu, hilo sitalisahau."

Mkunga ndiye mimi. Nilisomea kazi hiyo hospitalini, na wakati huo, Uhuru ungali mbichi, nilikuwa nikizunguka nyumba za Kuze na Bondeni na mkoba wangu mweusi, nikiwatazama waja wazito na waliojifungua. Nyumba zetu nilizijua kwa ngazi zake. Ziko zenye daraja za mawe zilizolika katikati kama bakuli, ziko za mbao zinazolia kila ukikanyaga, na karibu zote ni nyembamba, zimesimama kama zimeegemezwa ukutani, na kila moja ina kona yake. Mwenye afya hupanda na kushuka bila kuziona. Mgonjwa akiwa juu, ndipo unapojua kuwa waliojenga hawakumfikiria.

Huenda maneno ya jirani yangepita kama mengine. Lakini miezi michache baadaye wifi yangu, dada wa mume wangu, alishika mimba yake ya kwanza, na mimba ikawa nzito kwake. Miguu ilimvimba, kichwa kikamgonga, na kila nilipompima presha ilikuwa imepanda kidogo. Daktari akasema bila kuzunguka: huyu asizalie nyumbani. Naye alikuwa akikaa na mama mkwe wangu, ghorofa ya tatu.

"Hospitali nitakwenda," akasema wifi, "lakini kubebwa na wanaume, mimi sibebwi. Nikishindwa kushuka kwa miguu yangu nitazaa papa hapa."

Nilimgeukia mama mkwe nikidhani atamkanya. Akasema, "Na mimi niko naye. Kisa cha jirani nilikisikia chote."

Nilijua presha ile inaweza kumfanya nini mwanamke wakati wa uchungu, kwa kuwa nilishaona. Sikubishana nao. Nilivaa buibui langu nikaenda Bondeni kwa kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa na harufu ya mvule na gundi, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi.

"Kaka, nataka kiti cha mja mzito."

"Viti ninavyo. Chagua."

"Si cha kukalia. Nataka cha kushukia ngazi."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akachomoa penseli nyuma ya sikio. "Haya. Kibebwe na watu wangapi?"

"Wawili."

"Wanaume wawili wenye nguvu, tunaweza kuweka..."

"Wanawake wawili, kaka."

Akairudisha penseli nyuma ya sikio. "Basi hapo umenipa kazi," akasema.

Kesho yake alikuja nyumbani kwa mama mkwe na uzi. Aliupima upana wa ngazi, akafunga fundo. Akapima kimo cha daraja, akafunga jingine. Alipofika kwenye kona alikaa kitako kabisa, akaizungusha mikono yake hewani kama anayeikumbatia. "Huyu ndiye mteja wetu," akasema, akiigonga ile kona ya ukuta. "Sisi wengine wote tumsikilize yeye."

Jaribio la kwanza halikuwa na ufundi wowote. Tulichukua kiti cha jikoni, tukakifunga miti miwili mirefu kwa kamba za usumba, kama machela, na juu yake tukaweka gunia la mchele badala ya mgonjwa. Jirani yangu yule aliyekwama alisikia makelele akaja, buibui mkononi. "Mimi ndiye niliyesimamishwa wima," akasema. "Kama mwatengeneza kitu, mimi sikosi." Tangu siku hiyo alikuwa mwenzetu, akabeba mbele, mimi nyuma.

Daraja za kwanza tulishuka vizuri. Kwenye kona, ncha ya mti ikachoma ukuta, chokaa ikaporomoka, na tukakwama vilevile alivyokwama yeye kwao.

"Mwaibomoa nyumba!" akapiga kelele mama mkwe kutoka juu.

Kaka akaikata miti. Ikawa mifupi, na kona tukaipita, lakini sasa anayebeba chini hakuona miguu yake, na kiti kikainama mbele. Gunia likateleza, likapasuka, na mchele wa watu ukamiminika daraja moja baada ya moja mpaka mlangoni, kuku wa mtaani wakaingia kama walioalikwa.

Jirani akasimama na kiti kitupu mkononi. "Huyo ndiye wifi yako," akaniambia.

Hakuna aliyecheka mpaka kaka alipoanza. Akaketi ngazini akaokota mchele kwa kiganja, akasema, "Afadhali mchele leo. Tutapasua magunia mengi kabla hatujampakia mtu."

Akajaribu miti ya kukunjwa kwa bawaba. Bawaba zikalegea. Akajaribu kamba za kuvaa mabegani kama wachukuzi wa bandarini. Zikatukata shingo. Kila mara alikuja na kitu kilichopigwa misumari haraka haraka kwa mbao za makasha ya chai, maana alisema haina haja kukipamba kitu ambacho huenda kesho tukakitia jikoni. Na vingi kweli tulivipikia.

Jibu nililiona harusini. Walikuwa wamepika pilau juu kwenye sakafu ya darini, na wanawake wawili walikuwa wakiteremsha sufuria kubwa. Hawakuwa na mti wala kamba. Yule wa juu aliinama akashika sikio lake kwa chini, yule wa chini akalinyanyua lake mpaka kifuani, na sufuria ikashuka imelala sawa, hata mvuke wake haukuyumba. Walipofika konani waliizungusha palepale, maana haikuwa na mkia wa kugonga ukuta.

Niliacha sahani yangu. Bi harusi mwenyewe sikumuona. Nilikwenda moja kwa moja Bondeni, mkono ungali na mafuta ya pilau, nikashika kipande cha mkaa nikamchorea kaka juu ya ubao.

"Tumekuwa tukitengeneza machela," nikamwambia. "Tutengeneze sufuria. Tuondoe miti yote. Sikio moja nyuma ya mgongo wa mgonjwa, la juu. Sikio jingine mbele, chini ya nyayo zake."

Kaka aliutazama ule mchoro, kisha akanitazama mimi. "Na anayebeba chini atakuwa ametazamana naye," akasema.

"Ndivyo ninavyotaka. Nimuone uso."

Safari hii hakukimbilia msumeno. Alikunja kadibodi akafanya ngazi ndogo yenye kona, kwa vipimo vya uzi wake alivyovipunguza, na akachonga kiti kidogo cha kuingia kiganjani. Tukakipitisha kidole kwa kidole. Kiligonga. Akaifupisha miguu ya mbele. Kikapita. Akakipitisha tena na tena kama mtoto aliyepewa gari la bati, na kila kikipita alisema, "Enhe."

Cha ukubwa wenyewe alikipiga kwa mbao nyepesi zisizorandwa. Ilipofika zamu ya kujaribu, jirani alikataa gunia. "Gunia haliongei likiumia," akasema. "Nataka mtu." Sote tukamtazama mama mkwe, ambaye alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye heshima zake, na aliyekuwa akitukemea tangu siku ya chokaa.

"Lahaula," akasema. Akajifunga leso vizuri, akasoma alichosoma, akaketi.

Tulimshusha. Nilimshika kwa mbele, macho yangu kwenye macho yake, na yeye hakuacha kusema njia nzima. "Nateleza. Nifungeni mshipi hapa kifuani, si tumboni, tumbo ni la mtoto. Miguu yaning'inia, nipeni pa kukanyagia. Na huku juu je? Mji wote utaniona? Wekeni pazia." Kaka alikuwa mlangoni chini, anaandika kwa penseli juu ya ubao kila neno lake. Tulipofika konani nikavuta pumzi. Jirani juu akainama, mimi nikainua, tukazunguka. Mama mkwe akanyamaza, kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Kumbe tumeshapita?"

Jirani alipiga kigelegele kilichotikisa madirisha.

Kaka aliirekebisha sura mpaka kila mtu akaridhika: mshipi wa kifuani, ubao wa kukanyagia, na upinde juu ya kichwa wa kutundikia pazia, unaolazwa nyuma dari ikiwa fupi. Akaongeza magurudumu mawili madogo nyuma, aliyoyatoa kwenye gari la mtoto lililoachwa na familia moja ya Kizungu iliyorudi kwao. Ngazini tungekibeba, na kichochoroni tungekiegemeza nyuma na kukisukuma.

Sura tulikuwa nayo. Sasa ikabaki kiumbwe kwa kitu gani.

Kwa kaka hilo halikuwa swali. Alitengeneza kwa mvule, kila kiungo kimechongwa kikaingia mwenzake bila msumari, akakipiga msasa mpaka kikang'aa. Kilikuwa kiti cha kumkalisha sultani. Jirani na mimi tukakishika masikio, tukakiinua kitupu, tukatazamana. Tukakishusha.

"Kizito," nikasema.

"Ni imara," akasema kaka.

"Ni imara, kaka. Na kizito."

Alinuna siku hiyo. Hakunipa hata kahawa. Lakini kesho yake alikuja mwenyewe, akaniambia tuondoke, tukaenda Mbaraki kwa fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza vitanda vya chuma vya hospitali. Walikuwa wakifahamiana kwa macho tu. Kaka akamsalimia kwa adabu, akamwonyesha kile cha mbao nyepesi, akamweleza habari ya kona kama anayemweleza mtu habari ya mzazi wake.

Fundi wa Mbaraki kwanza alitukatia vyuma bapa akavichomelea. Kilitoka imara, lakini kila pembe ilikuwa na ncha ya kumkwaruza mtu, na uzito wake haukupishana sana na ule wa mvule. Akakitazama, akakisukuma pembeni kwa mguu. "Hapana," akasema mwenyewe kabla hatujasema. Akavuta bomba jembamba, lile la fremu za vitanda. Akalijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, akalitia motoni mpaka likawa jekundu, kisha akalizungusha taratibu kwenye gogo. Likapinda kama ukindu mbichi, halikubonyea popote.

"Bila mchanga lingevunjika kiuno," akasema. "Mchanga ndio unaolishika kwa ndani."

Upande mzima wa kiti ulitoka kwenye bomba moja, kuanzia sikio la nyuma, ukateremka mgongoni, ukapita chini ya paja, mpaka sikio la mbele. Pande mbili, na vyuma vichache vya kuziunganisha. Pa kukalia na pa kuegemea hatukuweka mbao. Mshonaji wa maturubai alitushonea kitambaa kizito, kikavutwa kati ya mabomba, na mtu akiketi kinamkumbatia.

Siku ya kuamua, kaka alivipanga vyote uani kwake, cha mvule, cha chuma bapa, na cha bomba. Alituita jirani na mimi na fundi wa Mbaraki, na akamwita mama mkwe aje aketi. Tulibeba kila kimoja tukauzunguka ua. Kwa cha mvule, tulimweka chini tukihema. Cha chuma bapa kilimchana leso, akatuapiza. Kwa cha bomba tulimzungusha ua wote, tukamzungusha tena, na jirani akawa anaimba.

Nilimtazama kaka. Nilijua cha mvule kilikuwa na mikono yake ndani. Alikikaribia kile cha bomba, akakibonyeza turubai, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa chuma akitafuta kosa, asilione.

"Kama ni pambo la sebule, changu," akasema. "Kama ni mtu wa kuokolewa, hiki. Tengeneza hiki." Akampa mkono fundi wa Mbaraki, na wote wawili wakatabasamu kama mabwana harusi.

Wifi alishikwa na uchungu mchana, watu wametoka kusali adhuhuri. Mtoto wa jirani alikimbia kuniita. Nilipompima presha, sikumwambia ilikuwa ngapi. Nilimwambia tu, "Tunakwenda."

"Na nani?"

"Mimi na jirani. Hakuna mwingine."

Akaketi mwenyewe. Nikamfunga mshipi, tukashusha pazia mbele ya upinde, nikaacha mwanya wa kumuona uso. Jirani akashika sikio la juu, mimi la chini. Mama mkwe akatangulia na bakora, anapiga daraja: "Ndia! Ndia! Waume geukeni!"

Tulishuka. Niliwahi kushuka ngazi zile na mchele, na mbao, na mama mkwe, lakini sasa mikono yangu ilikuwa na wifi yangu na mtoto wake, na nilihisi bomba lile limetulia kiganjani, halilii wala halichezi. Wifi alifumba macho. Uchungu ulimpanda, akakaza meno, ukashuka.

"Tumefika kwenye kona?" akauliza.

"Fumbua macho," nikamwambia. "Tushaipita."

Akacheka. Wallahi, alicheka, na jasho linamtiririka.

Mlangoni tukakiegemeza nyuma, magurudumu yakashika mawe, jirani akasukuma. Kichochoro kilikuwa kimejaa watu waliotoka msikitini. Nao, mmoja baada ya mwingine, wakageuka wakazielekea kuta. Wazee walioketi barazani walisimama wakageuka. Mwenye duka aligeuka na mizani mkononi. Tukapita katikati ya migongo ya kanzu nyeupe, hakuna sauti ila magurudumu, na nyuma yetu nikasikia sauti moja ya kizee ikisema, "Mola akujaalie wepesi, mwanangu," na wengine wote wakaitikia amin wakiwa wameelekea ukutani vilevile.

Ndia Kuu tukampakia kwenye teksi, na hospitalini daktari alimchukua papo hapo. Mtoto akatoka wa kike, mapafu mazima, kelele tele. Presha ya mama ikateremka polepole, na daktari akaniambia tulimleta kwa wakati wake. Nilirudi Kuze na habari hiyo, na vigelegele vikaanza dirisha moja vikahamia jingine mpaka sikuweza kusikia niliyokuwa nikiulizwa.

Baada ya hapo tukawa na kazi. Watu wa Bondeni walitaka chao, na wa mtaa wa pili nao. Kaka akachonga gogo la mvule lenye mikunjo yote, ili fundi wa Mbaraki azungushie bomba lake na kila kiti kitoke sawa na mwenzake. Kwa hiyo mti wake ukawa ndani ya kila kiti, ingawa hakuna aliyeuona. Alinitajia jambo hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ila siku ninayoipenda kuikumbuka ni ya Idi. Palikuwa na mwalimu mmoja mzee, aliyewasomesha Kurani nusu ya wanaume wa mtaa chuoni, aliyekuwa ameishiwa na nguvu za miguu. Hakuwa ameshuka ghorofani kwake tangu kabla ya Uhuru. Fataki za usiku ule wa kupandishwa bendera alizisikia tu. Wanawe walikuja kwetu kuazima kiti.

Walimshusha asubuhi, kanzu mpya, kilemba, uturi, na pazia hatukuliweka. Wanawe, kwa furaha na kwa kuhofia kuikosa sala, walipofika kichochoroni wakaanza kumsukuma mbio. Mzee akainua mkono.

"Taratibu," akasema. "Hamkunitoa ndani mje mnikimbize."

Wakapunguza. Akasimamishwa kwenye kila baraza. Akaulizia nani ameoa, nani amekufa, duka hili lilikuwa la nani, mlango ule umepakwa rangi lini. Watu wazima wenye wajukuu walikuja kumbusu mkono, naye akawakumbuka kwa makosa yao ya kusoma. Nilikuwa nikifuata nyuma na wanawake wenzangu, na mbele yangu alikwenda kaka yangu, amevaa kanzu yake ya Idi, mfuko mmoja umelemewa kwa spana aliyoichukua endapo gurudumu litalegea.

Halikulegea. Mzee aliingia msikitini akisukumwa na watu wengi kuliko kiti kilivyohitaji, na kaka akasimama mlangoni kuvua viatu, anacheka peke yake.